Tailtiu na Shoka Lake

Wako watu, msomaji, ambao wakisikia hadithi ya asili ya jina la mahali hucheka. Husema ni porojo za wazee, hazina tarehe wala ushahidi. Mimi siungani nao, na nitakupa mfano mmoja kutoka Ayalandi.

Katika wilaya ya Meath, kati ya miji ya Navan na Kells, pana mahali ambapo waandishi wa zama za kati walisema paliitwa kwa jina la mwanamke, Tailtiu, mke wa Eochaid, mfalme wa mwisho wa watu walioitwa Fir Bolg. Hapo palikuwa msitu. Tailtiu akaukata kwa shoka, akang'oa na mizizi, hata kabla ya mwaka kwisha pakawa uwanda wenye maua. Lakini kazi ile ilimshinda nguvu. Moyo ukampasuka, akafa. Lugh, aliyelelewa naye, akaweka michezo ya kumkumbuka kila mwanzo wa Agosti, mwezi ambao kwa Kiayalandi huitwa Lúnasa hata leo, kwa jina la Lugh huyo.

Mpinzani wangu atasema: huenda jina lilitangulia, hadithi ikabuniwa baadaye ili kulieleza. Na iwe hivyo! Hapo ndipo hoja yake inapomgeukia. Aliyebuni alikuwa huru. Angaliweza kututajia mfalme aliyeshinda vita, maana wafalme na vita si haba katika visa vya nchi ile. Yeye akamchagua mwanamke mwenye shoka, akampa uwanda mzima. Eochaid, pamoja na taji lake, hapo ni mume wa mtu tu. Ni tarehe gani ya vita ingekuonyesha hivi yale ambayo watu wale waliyaona kuwa yastahili ukumbusho?

Sasa tazama ramani ya Kiingereza. Pameandikwa Teltown, na mgeni hudhani ni mji wa bwana fulani Tel. Msitu haupo, shoka halipo, marehemu hayupo. Hiyo ndiyo elimu isiyo na porojo ambayo wachekaji wanatutakia. Waayalandi wenyewe hawakuridhika nayo. Mara walipojipatia serikali yao, walifanya Michezo ya Tailteann mjini Dublin mwaka 1924, tena 1928 na 1932, wakakimbia na kuogelea kwa jina la mwanamke ambaye hakuna awezaye kuthibitisha kwamba aliishi.