Sauti ya Kamina, jina la nani?

Wandugu wachimbaji, na mama zetu wanaobaki na watoto nyumbani, leo sitasema juu ya bei ya coltan. Nitasema juu ya muziki wa sinema. Musicheke. Mukifika mwisho mutaona ni habari ileile.

Kamarade mmoja wa upande wa Nyunzu alifika kwangu hapa Kalemie na shida yake. Mutoto wake anapiga sinteza kwa paroasi, amejifunza solfeji kwa padri, anasoma noti kama sisi tunasoma gazeti. Sasa anasema anataka kutunga muziki wa filimu. Baba akaniuliza: «Ile ni kazi, ao ni muchezo tu?» Sikumujibu mara moja. Jibu langu ni hili.

Ni kazi, tena kazi ya mahesabu. Mutunzi wa muziki wa filimu anaonyeshwa picha zikiwa karibu kuisha. Anakaa na mwenye filimu, wanachagua muziki uingie wapi, utoke wapi, sekunde ngapi. Wakikata picha kidogo, anaandika upya. Na feza yake inapita njia mbili. Ya kwanza ni ya kuandika, analipwa kwa kontra. Ya pili ni droits d'auteur: kila mara filimu inapita kwa televizioni, kitu kidogo kinaingia, hata akiwa amelala. Lakini ili hiyo ya pili ifike, kuna karatasi moja inayoandika kila kipande cha muziki, dakika zake na jina la mwenye kukitunga. Hakuna jina lako pale, hakuna feza. Ni sawa na bordereau ya mizani kwenye depo: kilo isiyoandikwa, haukuileta.

Tuangalie mutu mumoja aliyeishi kwa kazi hiyo. Luis Bacalov alizaliwa Argentina mwaka 1933. Tangu utoto alisoma piano ya classique, na mwalimu wake mumoja alikuwa Enrique Barenboim, baba ya yule Daniel Barenboim dunia yote inamujua. Alipohamia Italia hakuanza na sinema. Alikuwa anapangia waimbaji wa kampuni ya diski muziki wao: wewe unaleta wimbo, yeye anauvalisha viombo. Ndiyo ilimupa mukate. Kisha filimu zikakuja. Mwaka 1966 alitunga muziki wa «Django», ile western ya Italia. Mwaka 1996 alipata Oscar ya Marekani kwa filimu «Il Postino». Alifariki Roma mwaka 2017. Zaidi ya miaka 50 ya kazi, na watu wengi waliocheka ao kulia na muziki wake hawakujua sura yake. Noti alizosoma utotoni ndizo zilimufungulia mulango.

Sasa sikieni kitu ambacho wengi wetu hatujui. Mbele ya ile Oscar, Bacalov alikwisha kuitwa kati ya washindani wa Oscar mara moja, kwa muziki wa filimu ya Pasolini, «Injili kufuatana na Matayo», ya mwaka 1964. Ndani ya ile filimu kuna Bach, kuna Mozart. Na kuna Gloria ya Missa Luba. Yesu anapofufuka, hausikii kwaya ya Roma. Unasikia batoto ya Katanga na ngoma yao.

Missa Luba ilizaliwa Kamina, kwenye reli yetu hii inayotoka Kalemie na kupita Kabalo. Padri Guido Haazen, Mufransisko wa Ubelgiji, alikusanya kwaya mwaka 1954: watoto karibu 45, wa miaka 9 mupaka 14, na walimu karibu 15. Misa iliimbwa mara ya kwanza Kamina mwaka 1958. Haikuandikwa kwa noti na mutu mumoja kwenye meza. Waimbaji wenyewe waliitunga wakiimba, mumoja anatupa sauti, mwengine anaidaka, juu ya miimbo ya wazee wao. Mwaka ule ule walipelekwa Ulaya, wakaimba kwenye Expo ya Bruxelles, na kampuni ya Philips ikatoa diski. Kisha mwaka 1968 Sanctus yao ikaingia ndani ya filimu ya Uingereza, «if....», iliyoshinda Grand Prix ya Cannes mwaka 1969. Diski ya ile Sanctus ikauzwa mupaka ikaingia kwenye orodha ya nyimbo zilizopendwa kule Uingereza.

Baadaye misa ilipochapwa kwa noti, jina lililowekwa kama mupangaji ni la Padri Haazen. Kwenye Oscar, jina lilikuwa la Bacalov. Sisemi padri aliiba, wala Bacalov aliiba. Haazen mwenyewe alieleza kwamba miimbo ilitoka kwa watu wa kwaya. Kuchagua Gloria ilikuwa akili ya Pasolini. Ninasema kitu kingine: kazi ya watu sitini ilipita mikono mingi, na kila mukono uliweka jina lake, isipokuwa mikono iliyochimba. Si tunajua njia hiyo? Jiwe linatoka Kisengo, linapewa teneur na mutu mwengine, bei na mutu mwengine, na huko linakofika wanasoma jina la kampuni tu.

Mutu atasema: «Ni kawaida, mudogo hashindi.» Hapana. Angalia ile ile «Il Postino». Sergio Endrigo, mwimbaji wa Italia, alisema kwamba ule muziki uliopata Oscar umechukuliwa kwenye wimbo wake wa zamani. Kesi ilivuta miaka mingi sana. Endrigo alikufa mwaka 2005 bila kuona mwisho. Lakini mwaka 2013 walipatana, na jina lake likaandikwa kama mutunzi pamoja na Bacalov. Alikuwa na silaha gani? Wimbo wake ulikuwa umetolewa, una tarehe, una jina. Karatasi ilimupigania hata akiwa kaburini.

Na sisi tuko na sheria. Ordonnance-loi nambari 86-033 ya tarehe 5 aprili 1986 inamutambua mutunzi kama mwenye mali, na watoto wake wanalindwa miaka 50 kisha kifo chake. Iko SOCODA, inayopashwa kukusanya hiyo feza. Lakini sheria haiwezi kupigania mutu asiyejulikana. Mimi nilishaonja. Siku moja kampuni fulani ilitengeneza kafilimu ka kuonyesha mema yake, na ndani yake wakatia wimbo wa mama zetu wa kambi. Walilipwa jus na tiseti. Tulipoenda kuuliza, tuliombwa karatasi. Hatukuwa nayo. Tulirudi kimya.

Jambo hili si la zamani tu. Mwaka 2023 Baloji, mwana wa Lubumbashi, alipata zawadi Cannes na filimu yake «Augure». Mwaka 2025 «Soundtrack to a Coup d'Etat», inayoongea kifo cha Lumumba na mali ya Katanga, ilikuwa kati ya washindani wa Oscar. Dunia inaangalia huku tena. Watakuja kutafuta sauti, kama wanavyokuja kutafuta lithium ya Manono.

Basi kamarade, jibu langu: muache mutoto asome. Kinshasa iko Institut National des Arts. Lakini pamoja na solfeji, umufundishe mambo matatu. Akitunga, aandike tarehe na jina, na akitunga na wenzake, aandike majina yao yote. Asisinye kontra ambayo hajaisoma mupaka mwisho. Na asikubali kuuza yote mara moja juu ya njaa ya leo.

Sisi wa sindika tulichelewa kuyajifunza hayo mbele ya mizani. Yeye aanze nayo.