Upanga wa Ngawira Mnadani

Tarehe 23 Mei 2023, katika mji wa London, nyundo ya dalali iligonga meza, na upanga mmoja ukauzwa kwa pauni 14,080,900, ada ya mnada ikiwamo. Ulikuwa upanga wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore katika Bara Hindi, aliyeuawa tarehe 4 Mei 1799, siku majeshi ya Kampuni ya Kiingereza ya India Mashariki yalipovunja ngome ya mji wake wa Srirangapatna. Ulichukuliwa katika vyumba vyake vya faragha, ukatunukiwa Meja Jenerali David Baird aliyeongoza shambulio hilo. Aghalabu mwenye kuuza kitu cha kutekwa huificha asili yake. Hapa asili haikufichwa. Ilitangazwa kwa fahari, maana ndiyo iliyokuwa ikivuta bei.

Watetezi wa biashara hii husema kwamba upanga ni mali kama ng'ombe au shamba. Aliye nao ana haki ya kuuza, na mwenye fedha ana haki ya kununua. Hoja hii hujikata kwa makali yake yenyewe. Na iulizwe: mnunuzi alilipia nini? Si chuma, kwa kuwa chuma ni rahisi. Si ufundi peke yake, kwa kuwa panga za ufundi mkubwa na za umri ule ule huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Alilipia jina la Tipu, kifo chake, na anguko la mji wake. Bidhaa iliyouzwa, basi, ni kumbukumbu ya watu. Na hapana dalali awezaye kuonyesha hati ya kummilikisha mtu kumbukumbu ya watu wengine. Muuzaji alikuwa na chuma. Fedha alizipokea kwa kitu kisichokuwa chake.

Mtandao umeizidisha dhuluma hii kwa kuipa wepesi. Zamani mzabuni alisafiri au alimtuma wakili. Leo nyumba za mnada hutandaza picha za panga katika intaneti, na mtu aliye Dubai au New York hupandisha bei kwa kugusa kioo. Husemwa kwamba hii ni nuru, kwa sababu kila mtu duniani sasa aweza kuona kinachouzwa. Ni kweli, aweza kuona. Walakini aonacho ni picha kwa majuma machache. Jina la muuzaji aghalabu halitajwi, jina la mnunuzi kadhalika, na saa ikifika kitu chatoweka katika sanduku la mtu binafsi. Nuru inayowashwa ili mnunuzi aone, ikazimwa mwenye kudai anapokaribia, ni taa ya duka tu.

Wenye kudai wameachiwa njia moja, nayo ni kununua. Mwezi Aprili 2025 serikali ya jimbo la Maharashtra ilijipatia katika mnada wa London upanga wa Raghuji Bhosale wa Kwanza, mwasisi wa utawala wa Bhosale wa Nagpur, kwa takribani rupia 4,700,000. Mwezi Agosti ukafika Mumbai kwa shangwe. Inadhaniwa kuwa ulichukuliwa na Kampuni ile ile baada ya vita vya Sitabuldi vya 1817. Shangwe ilistahili, lakini hesabu yake ni chungu: fedha za umma zilikwenda kukomboa kilichotekwa kwa mababu. Bei ingekuwa pauni milioni 14, jimbo gani lingethubutu? Wala hisani ya tajiri si tegemeo. Tajiri mmoja wa Kihindi alitangaza mwaka 2004 kwamba amenunua London upanga wa Tipu. Mwaka 2018 mahakama ya Uingereza ilielezwa kwamba amekwisha kuutoa, kwa kuwa ulihesabiwa kuwa na nuksi. Urithi wa watu ukategemea nuksi na bahati ya mtu mmoja!

Iko njia nyingine. Upanga unaonasibishwa na Al-Haji Umar Tall, uliokuwa katika jumba la makumbusho ya jeshi mjini Paris, ulikabidhiwa Senegal mwezi Novemba 2019, na sheria ya Desemba 2020 ikauondoa kabisa katika milki ya Ufaransa. Ubapa wake ulifuliwa Klingenthal, katika Ufaransa yenyewe, wala jambo hilo halikuwa kizuizi. Serikali mbili ziliweza kuzungumza kwa sababu mwenye kuushika upanga alijulikana, na nyundo haikuwa ikingoja.

Itajibiwa kuwa vita ni vita, na kwamba Tipu mwenyewe hakuwa malaika. Naye aliteka, na huyo Baird alipata kuwa mfungwa katika mji ule ule kwa zaidi ya miaka mitatu. Yote ni kweli, na mpaka leo Wahindi wenyewe hawapatani juu ya sifa za Tipu. Lakini ubishi huo ni wao. Wauendeshe mbele ya upanga wenyewe, katika jumba lililo wazi. Aliyeufungia sandukuni hakuumaliza ubishi, bali amewanyima wabishi ushahidi.

Lawama haiishii kwa dalali. Dalali hasomi maandishi yaliyo juu ya ubapa. Mwanachuoni ndiye amsomeaye. Mwanachuoni ndiye athibitishaye umri, atambuaye mkono wa fundi, na aandikaye katika orodha ya mnada zile kurasa za historia ambazo kila aya yake huongeza bei. Kikulacho ki nguoni mwako. Vyuo vikuu haviwezi kulalamika darasani juu ya kutawanywa kwa urithi, na jioni vikaazima kalamu zao kwa wanaoutawanya.

Yapasa basi mwanachuoni aweke masharti kabla ya kushika kalamu: njia yote uliyopita upanga itangazwe, tangu mkono wa kwanza hadi wa mwisho, watu ulikotoka wapewe habari na muda wa miezi, si majuma, kabla ya zabuni kufunguliwa, na ukiuzwa, mnunuzi afungwe na ahadi ya kuuonyesha hadharani. Nyumba ya mnada ikikataa, ibaki na chuma chake kisicho na historia, ikaone kitapata bei gani.