Serikali ya wafanyakazi na mfanyakazi asiyeweza kugoma

Sheria ya Haki za Ajira iliyokamilishwa Uingereza Desemba 2025 imevirudishia vyama vya wafanyakazi sehemu kubwa ya nguvu ambazo vilikuwa vimepokonywa na serikali zilizotangulia. Vikwazo vingi vya sheria ya mwaka 2016 vimeondolewa, na ile ya 2023, iliyoruhusu wafanyakazi wa reli, hospitali na zimamoto kulazimishwa kutoa huduma za chini hata wakiwa kwenye mgomo, imefutwa. Walioipigania wanaona haki imetendeka baada ya zaidi ya miaka 40 ya kubanwa. Walioipinga wanaona mlango umefunguliwa wa kurudi kwenye migomo ya miaka ya 1970. Pande zote mbili zina hoja, na gazeti hili halitajifanya halizioni. Lakini katika kelele zao amesahauliwa mtu ambaye serikali yoyote inayojiita ya wafanyakazi ilipaswa kuanza naye: yule anayeamka usiku wa manane kumgeuza mzee kitandani katika nyumba ya kutunzia wazee, asiye na chama, ambaye akigoma hakuna treni itakayosimama wala waziri atakayeitwa bungeni kujieleza.

Lililo haki lisemwe kwanza. Mfanyakazi akisimama peke yake mbele ya mwajiri hana cha kujadiliana, ana cha kukubali au kuondoka. Chama ndicho kinachomfanya asikilizwe. Hukumu ya Taff Vale ya mwaka 1901 ilipokibebesha chama cha wafanyakazi wa reli hasara ya mgomo, vyama vilijibu kwa kukiimarisha chama chao cha siasa kilichokuwa kichanga, na kufikia 1906 Bunge likaibadilisha sheria. Chama hicho, Labour, kimezaliwa na vyama hivyo, na hadi leo kinapokea michango yao. Wapo wanaosema uhusiano huo pekee ni rushwa. Hatukubaliani nao: fedha za mfuko wa siasa hutoka kwa wanachama wengi, kidogo kidogo, kwa utaratibu uliowekwa na sheria tangu 1913, na hilo ni bora kuliko chama kutegemea hisani ya matajiri wachache. Ila chama kikishashika dola, deni lake linabadilika. Kinadaiwa na kila raia, na aliyekilipia ada hapati kwa ada hiyo haki ya kuhudumiwa kabla ya wengine.

Jambo hili lilieleweka mapema, likapuuzwa kwa makusudi. Mwaka 1969 Barbara Castle, waziri wa ajira wa Labour na mtu wa mrengo wa kushoto ambaye hakuna aliyeweza kumtilia shaka, alipendekeza serikali iwe na uwezo wa kutaka kura ipigwe na muda wa kutulia uwepo kabla ya mgomo, na kwa upande wa pili vyama vipate haki ya kutambuliwa na waajiri. Yalikuwa mapendekezo ya mtu anayevitakia vyama mema. Vyama vikayakataa. James Callaghan, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, akasimama na vyama dhidi ya serikali aliyokuwa ndani yake, na waziri mkuu Harold Wilson akarudi nyuma, akiridhika na ahadi ya maneno kutoka kwa shirikisho la vyama, TUC. Miaka 10 baadaye Callaghan yuleyule, sasa akiwa waziri mkuu, aliangushwa bungeni kwa tofauti ya kura moja, 311 kwa 310, baada ya majira ya baridi ambayo nguvu aliyoikinga ilikuwa imemvua heshima yote mbele ya wananchi.

Majira yale ya 1978 na 1979 yanastahili kusomwa upya, maana husimuliwa vibaya na pande zote. Serikali iliweka kikomo cha nyongeza ya mishahara cha asilimia 5. Wafanyakazi wa Ford, wenye uwezo wa kusimamisha kampuni yenye faida kubwa, walikivunja kwa kupata asilimia 17. Wazoa taka, wapagazi wa hospitali na wachimba makaburi wa Liverpool waliingia kwenye mgomo baada yao, wengi wao wakiwa watu wa mishahara ya chini kabisa katika utumishi wa umma, na hao ndio waliobaki na lawama. Taka zilizorundikana Leicester Square na maiti zilizosubiri kuzikwa ndizo zilizokaa katika kumbukumbu ya taifa. Mapatano ya Ford, ambayo ndiyo yaliyoanza kuubomoa ukuta, yanakumbukwa na wanahistoria. Mwenye nguvu alipata, mnyonge akamfuata, na hasira ya umma ikamwangukia mnyonge.

Na kabla ya hapo, mfumuko wa bei ulipopita asilimia 24 mwaka 1975, mwanachama wa chama kikubwa alizifukuza bei na pengine akazifikia, wakati mstaafu na mfanyakazi wa dukani hawakuwa na wa kuwasemea. Huo ndio mwaka ambao makubaliano ya serikali na vyama yalikuwa yanatangazwa kuwa nguzo ya haki ya kijamii. Mwaka uliofuata Uingereza ikaenda kukopa kwa Shirika la Fedha la Kimataifa, na masharti ya mkopo yakakata matumizi ya umma waliyoyahitaji zaidi wale wale wasio na chama.

Margaret Thatcher, aliyemrithi Callaghan, alikuja akafanya kwa ukali kile ambacho Castle alitaka kukifanya kwa upole. Tunasema wazi kwamba kura ya siri kabla ya mgomo ni haki ya mwanachama, na vyama vilipaswa kujiwekea utaratibu huo vyenyewe. Arthur Scargill, kiongozi wa chama cha wachimbaji wa makaa ya mawe, aliwaingiza wanachama wake katika mgomo wa mwaka mzima, 1984 hadi 1985, bila kura ya taifa zima, na wachimbaji wa Nottinghamshire, ambao hawakuulizwa kwa njia hiyo, wakaendelea na kazi. Jamii za wachimbaji zililipa gharama ambayo watoto wao bado wanailipa. Ila kilichofuata kilivuka mipaka ya kurekebisha. Wanachama waliokuwa zaidi ya milioni 13 mwaka 1979 leo hawafiki milioni 7, na katika sekta binafsi ni karibu mfanyakazi mmoja tu kati ya wanane aliye katika chama.

Matokeo yake yalionekana Machi 2022, pale kampuni ya meli ya P&O Ferries ilipowafukuza mabaharia karibu 800 kwa siku moja bila kushauriana na chama chao, na mkuu wake akakiri mbele ya kamati ya Bunge kwamba walijua sheria inawataka washauriane. Waliochukua nafasi zao walilipwa kwa wastani pauni 5.50 kwa saa, chini ya kima cha chini cha nchi kavu. Hakuna aliyefunguliwa mashtaka ya jinai. Wasomaji wetu wana sababu ya kulijua jambo hili kwa undani, kwa kuwa mmiliki wa kampuni hiyo ni DP World ya Dubai, ambayo Oktoba 2023 ilitia saini mkataba wa kuendesha sehemu ya bandari ya Dar es Salaam. Atakayesema vyama vya wafanyakazi vimepitwa na wakati na awaeleze mabaharia wa Dover nani mwingine angewasimamia.

Kuhusu umiliki wa umma, ambako mjadala wa Uingereza hupamba moto kuliko mahali pengine, hatuna maneno mengi. Reli zinarudi mikononi mwa dola, South Western Railway ikiwa imetangulia Mei 2025, na abiria wengi wanaridhia kwa kuwa wameyaona ya wenye hisa. Lakini umiliki hauwi wa haki kwa sababu tu mwenye mali ni serikali yenye nia njema. Serikali ya Labour ya Clement Attlee, iliyotaifisha makaa ya mawe mwaka 1947 na kuanzisha huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, ndiyo hiyohiyo iliyoleta mradi wa karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, ukapoteza pauni milioni 36 kabla ya kuachwa mwaka 1951, kwa sababu waliopanga London hawakuona haja ya kuwauliza waliolima ardhi ile. Na ndiyo iliyokuwa madarakani makuli wa Mombasa walipogoma Januari 1947, na Chege Kibachia aliyewaongoza akakamatwa mwaka huohuo na kupelekwa kizuizini Baringo. Sisi wenyewe Tanganyika baada ya uhuru tulikwenda mbali zaidi: Rashidi Kawawa, aliyetoka katika uongozi wa vyama vya wafanyakazi, akiwa waziri mkuu alisimamia sheria ya 1962 iliyobana migomo, na mwaka 1964 shirikisho la vyama likavunjwa, kikaundwa chama cha NUTA chini ya kivuli cha dola. Hatutamani Uingereza ipite njia hiyo. Chama kilichomezwa na serikali hakimfai mfanyakazi hata kidogo.

Sasa tuitazame serikali ya Keir Starmer kwa kipimo hicho. Mwaka 2024, katika miezi yake ya kwanza, ilimaliza mgogoro wa madereva wa treni kwa nyongeza iliyokaribia asilimia 15 kwa miaka mitatu, na ule wa madaktari vijana kwa nyongeza iliyozidi asilimia 22 kwa miaka miwili. Inaweza kutetewa: migomo ilikuwa inaigharimu nchi, na wagonjwa walikuwa wanangoja. Lakini majira hayohayo Rachel Reeves, waziri wa fedha, aliwaondolea mamilioni ya wastaafu ruzuku ya kupashia nyumba joto, akilazimika kuirudisha kwa wengi wao Juni 2025. Hakuna anayeweza kusema dereva wa treni hakustahili. Tunachosema ni kwamba aliyeweza kusimamisha kitu alilipwa na asiyeweza alikatwa, na serikali ya mrengo wa kushoto haipaswi kuacha nguvu ya kusimamisha kitu iwe kipimo cha anayestahili.

Kodi nayo imefuata mkondo huo. Kwa kuwa ilikuwa imeahidi kutogusa kodi ya mapato ya wafanyakazi, serikali ilipandisha mchango wa waajiri katika bima ya taifa hadi asilimia 15 kuanzia Aprili 2025, na kushusha kiwango cha mshahara unaoanza kutozwa kutoka pauni 9,100 hadi 5,000 kwa mwaka. Mabadiliko hayo yanamwelemea zaidi mwajiri mwenye watu wengi wa mishahara midogo. Hospitali za umma zilifidiwa. Nyumba binafsi za kutunzia wazee hazikufidiwa.

Birmingham inaonyesha upande wa vyama. Wazoa taka wa mji huo walianza mgomo usio na kikomo Machi 2025, na chama chao, Unite, kinasema kwa haki kwamba hakuna mtu anayepaswa kupunguziwa maelfu ya pauni kwa mwaka ili kuziba makosa ya halmashauri. Ila halmashauri hiyo ilikuwa imekiri mwaka 2023 kwamba haiwezi kutimiza madeni yake, na sehemu kubwa ya deni hilo ilitokana na wanawake wapishi, wasafishaji na watunza wazee waliolipwa kwa miaka mingi chini ya wanaume wa kazi za kiwango kimoja, wakiwamo wazoa taka waliokuwa wakipewa bonasi. Mahakama ya Juu iliwafungulia njia ya kudai mwaka 2012. Mfumo uliowapunja ulidumu katika mji wenye vyama imara, na mikataba ya hali bora iliyojadiliwa mezani na watu waliojua hesabu. Chama kinachotaka kusikilizwa leo kuhusu mzoa taka kina wajibu wa kueleza kilikuwa wapi kuhusu mpishi.

Wajibu huu una mahali pake pa kutimizwa, na sheria mpya imekwisha kupataja. Imeruhusu kuundwa kwa chombo cha kujadili mishahara na masharti ya kazi kwa wote wanaotunza wazee na walemavu England, wawe katika chama au wasiwe. Ni jambo jema kuliko yote yaliyomo ndani yake. Miongoni mwa watu hao wamo Waafrika wengi, pamoja na wa kwetu, walioingia kwa viza inayowafunga kwa mwajiri mmoja. Mwajiri akipoteza leseni yake ya kuajiri wageni wanapewa siku 60 kupata mwingine au kuondoka, na mtu wa namna hiyo hathubutu kulalamika, seuze kugoma. Serikali imetenga pauni milioni 500 na kusema makubaliano ya kwanza ya chombo hicho yatafika mwaka 2028. Madereva walimaliziwa mgogoro wao ndani ya wiki chache. Ni wajibu wa serikali kuisogeza karibu tarehe hiyo na kumruhusu mtunza wazee kubadili mwajiri bila kupoteza haki ya kuishi nchini. Na ni wajibu wa TUC na vyama vyake vikubwa kuliweka dai hilo mbele ya madai ya wanachama wao wenyewe watakapokaa mezani na mawaziri.