Molasi, Bangi na Udongo Wetu

Vijana wa maeneo ya milimani wametuuliza swali ambalo hatukulitazamia: je, ni kweli kwamba mche wa bangi ukimwagiwa molasi huchanua vizuri zaidi na ua lake huwa tamu? Wapo ambao wangependa tulikemee swali hilo na kulifunga. Sisi tumeona afadhali kulijibu, maana uongo unaolizunguka unawadhuru hata watu wasiolima bangi.

Desturi hiyo imeshamiri Marekani na Kanada. Wananchi wa majimbo ya Colorado na Washington walipiga kura ya kuhalalisha bangi mwaka 2012, na Kanada nzima ikafuata mwaka 2018. Wakulima wa huko huchanganya kijiko kimoja au viwili vya molasi, ule urojo mweusi ubakiao kiwandani sukari ikishatolewa, katika lita nne hivi za maji, kisha humwagilia shinani.

Lakini mmea haunywi sukari kwa mizizi ili kuipeleka kwenye ua. Sukari yake hujitengenezea wenyewe majanini kwa mwanga wa jua. Wanaolishwa na molasi ni bakteria na kuvu waishio udongoni, nao katika kula kwao huozesha mboji na kuachilia chakula ambacho mizizi yaweza kukipokea. Molasi yenyewe ina potasiamu, na kalisiamu na magnesiamu kiasi. Naitrojeni na fosforasi ni haba. Basi mwenye udongo uliokufa, usio na mboji wala samadi, akimimina molasi ni kama apelekaye chumvi mahali pasipo na mboga. Akizidisha, viumbe hao huongezeka ghafla, humaliza hewa ya udongoni na kuishikilia naitrojeni, majani yakageuka manjano. Siafu na sisimizi tusiwataje.

Hapo ndipo biashara ilipojipenyeza. Kitu kile kile ambacho mfugaji wetu huwanyunyizia ng'ombe juu ya mabua makavu wakati wa kiangazi hutiwa katika chupa yenye picha ya ua, kikauzwa kwa bei isiyolingana kabisa na thamani yake. Mkata miwa hatajwi katika chupa hiyo. Huo twauita unyonyaji, hata kama mnunuzi ameridhika.

Hapa Tanzania sheria ya mwaka 2015 inakataza kilimo cha bangi, na anayetiwa hatiani hukabiliwa na kifungo kirefu. Papa Fransisko naye, Juni 2014, alipinga kuhalalishwa kwa dawa za kulevya, hata zile ziitwazo nyepesi. Nasi hatuna neno jingine la kuwaambia vijana. Hata hivyo hatuwezi kulifumbia macho hili: mashamba yanapofyekwa Arumeru na Tarime, aendaye gerezani ni mwenye jembe, wala si tajiri anayemsubiri barabarani na gari. Na wale wanaodhani kwamba leseni peke yake ingeleta haki na watazame Lesotho, nchi iliyoanza kutoa leseni za bangi ya tiba mwaka 2017. Ada ilikuwa kubwa mno. Makampuni yenye mitaji ya kigeni yakaingia, na mkulima mdogo wa milimani, aliyekuwa akilima zao hilo tangu zamani, akabaki nje ya uzio.

Swali la vijana wetu, kwa maoni yetu, lilikuwa la udongo uliochoka na mahindi yasiyolipa. Molasi haiuzwi na wenye chupa peke yao. Hutoka katika viwanda vya sukari kama vile vya Moshi, Kilombero na Mtibwa. Anayeipata kwa bei nafuu na aichanganye na maji mengi, ainyunyizie juu ya lundo la samadi na majani, aligeuze lundo mara kwa mara lipate hewa, kisha apeleke mboji hiyo kwenye maharage yake kabla ya mvua za kwanza.