Mfuko wa Hewa Si Ruhusa ya Kuzidisha Mzigo



Siku hizi wenye magari wengi, hasa magari ya watalii na yale ya kulala safarini yenye vitanda, jiko na tangi la maji, wameipenda sana mifuko ya hewa. Gari likiinama nyuma kwa uzito, tajiri huambiwa atie mifuko, na mara gari huinuka likasimama sawa. Hatuna ugomvi na mifuko hiyo. Ikichaguliwa vema ni kitu kizuri. Lakini yafaa maneno yasemwe wazi, kwa kuwa anayeisifu ni muuzaji, anayeilipia ni tajiri, na anayeteremka nayo mlimani ni sisi.

Mfuko wa hewa ni mpira mnene uliojazwa upepo, nao hukaa kati ya chasisi na ekseli. Si jambo la jana. Mwaka 1953 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitoa basi lake la PD-4104 likienda juu ya hewa badala ya springi za chuma. Leo ziko namna mbili. Ya kwanza ni mifuko ya kusaidia: springi za chuma hubaki mahali pake, na mfuko huongezwa kuzipunguzia kazi. Ya pili ni hewa tupu: springi za chuma huondolewa, na kompresa pamoja na valvu huliweka gari katika kimo kimoja, likiwa na mzigo au bila mzigo.

Neno letu kubwa ni hili: mfuko huinua bodi, hauongezi uzito ambao gari limeruhusiwa kubeba. Hamali akijifunga mkanda kiunoni husimama wima, lakini magoti yake ni yale yale. Hali kadhalika ekseli, beringi, tairi na breki hubaki zile zile za kiwandani. Uzito wa mwisho umeandikwa katika kibati cha gari, na hakuna mfuko unaoufuta. Tena mizani haitazami kimo cha gari. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 yataka gari la kilo 3,500 na zaidi lipimwe katika vituo vya mizani vya barabara kuu, na dereva ndiye asimamaye pale.

Liko na jambo la breki, ambalo wengi hawalijui. Magari mengi ya mizigo midogo yana valvu nyuma inayotambua mzigo kwa kuangalia jinsi bodi ilivyoshuka karibu na ekseli. Bodi ikishuka, valvu huzipa breki za nyuma nguvu zaidi. Mifuko ikiinua bodi, valvu hudanganyika ikadhani gari ni tupu, na breki za nyuma hupungua wakati mzigo umejaa. Basi fundi akitia mifuko bila kuirekebisha valvu hiyo, amemtia dereva hatarini.

Je, kuchagua kwafanywaje? Kwanza gari lipimwe likiwa limejaa vitu vyote na watu wote, ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Lita 200 za maji ni kilo 200. Zikiwekwa nyuma kabisa ya ekseli, huilemea ekseli ya nyuma na kuipunguzia ya mbele, na usukani huwa mwepesi. Gari likizidi uzito, dawa ni kushusha vitu au kununua gari kubwa zaidi. Likiwa ndani ya uzito lakini springi zimechoka, springi zibadilishwe kwanza. Mfuko usiwe bandeji ya springi iliyovunjika.

Gari lililo ndani ya uzito, ambalo leo limejaa na kesho ni tupu, litafaidika na mifuko ya kusaidia. Kila upande uwe na bomba lake, kwa sababu pande mbili zikiunganishwa, hewa hukimbilia upande wa pili kwenye kona na gari hulala. Mfuko uwe mbali na bomba la moshi, wala usiguse tairi. Usiendeshwe bila hewa kabisa, kwani mpira hujikunja ukakatika. Mabomba yapakwe maji ya sabuni mara kwa mara, na uvujaji utaonekana.

Hewa tupu hulainisha safari, na yafaa magari ya wagonjwa na mabasi ya lami. Lakini gari la kwenda Maralal hadi Loiyangalani, penye mawe na vumbi, tungelipa springi nzuri za chuma. Springi ya chuma ikivunjika, fundi wa mji mdogo aweza kuitengeneza. Valvu ya hewa ikiharibika porini, gari hukaa chini.

Mafundi nao wasikie: usiingie chini ya gari lililoinuliwa kwa hewa tu. Tia stendi imara, maana hewa hutoka bila kubisha hodi.

Twawataka wenye magari wafanye mambo matatu kabla ya kufunga mifuko: wapime gari, wamwulize dereva analoendesha, na breki zijaribiwe likiwa na mzigo kamili. Si maombi makubwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mfanya kazi njia ya kutoa habari akiona hatari kubwa kazini, na tajiri haruhusiwi kumrudisha penye hatari hiyo kabla haijaondolewa. Kwa hiyo dereva akiona gari limeinuliwa ili lifiche mzigo, na amwambie msimamizi wake, kisha alete habari kwa mjumbe wa chama. Asinyamaze kwa kuogopa kuitwa mkaidi. Gari lililosimama sawa laweza kumdanganya mpita njia, lakini halimdanganyi aliyeshika usukani.