TUMGONGEE MLANGO ALIYEJIFUNGIA



Ndugu wanafunzi na wazazi, katuni za Kijapani ziitwazo anime siku hizi zimo hata kwenye simu za vijana wetu hapa Mwanza. Napenda tuitazame moja, Rozen Maiden, iliyoonyeshwa kwanza Japani mwaka 2004. Ndani yake fundi Rozen ameunda wanasesere saba wenye uhai, nao wanapigana ili mmoja awe binti mkamilifu.

Mzazi akisikia hayo atasema, "Zima!" Ana haki ya kuhofia. Roho iko katika amri ya Mwenyezi Mungu peke yake, na mtoto aambiwe wazi kuwa hiyo ni ngano tu. Ama wanasesere wa kuchezea si jambo geni: Bibi Aisha (r.a.) alikuwa nao, na Mtume (s.a.w.) hakumkataza, kama walivyopokea Bukhari na Muslim.

Jambo linalonishughulisha mimi ni yule kijana Jun. Wazazi wake wako ng'ambo, naye ameacha shule na kujifungia chumbani. Kwa nini? Katika kitabu cha michoro kilichozaa katuni hii, Jun alibuni mchoro wa gauni, ukabandikwa shuleni, wenzake wakamcheka. Aliadhiriwa kwa kipaji chake!

Wajapani humwita mtu wa namna hii hikikomori. Kwa uchunguzi wa mwaka 2022, serikali yao ilikadiria kuwa wapo kama 1,460,000, wenye umri wa miaka 15 hadi 64.

Tusiseme hayo ni ya Japani. Kijana wa Igogo au Kirumba naye huacha kuja chuoni kwa sababu alichekwa alipokosea makharaji, au kwa kanzu yake iliyochakaa. Sisi tunasema, "Simu imemharibu." Huenda simu aliikimbilia baada ya sisi kumfukuza kwa vicheko. Suratul Hujuraat, aya ya 11, imekataza kukejeliana na kuitana majina mabaya.

Tena kushona kuna aibu gani? Mafundi cherehani wangapi mjini hapa ni wanaume wanaolea familia? Mtume (s.a.w.) mwenyewe alikuwa akishona nguo zake.

Jun hakurudishwa na ukali. Dada yake Nori aliendelea kumpikia na kumsemesha, na mwanasesere Shinku aliukubali ustadi wa mikono ile ile iliyochekwa. Pole pole akaanza kusoma tena.

Sisi tunao mfano ulio bora zaidi. Mtume (s.a.w.) alipomkosa mtu aliyekuwa akifagia msikiti, aliuliza habari zake. Alipoambiwa amefariki, alitaka aonyeshwe kaburi, akamswalia. Kama mfagiaji aliulizwa, je, mwenzako ambaye nafasi yake mkekani iko wazi wiki ya tatu sasa, nani amemuuliza?

Ewe mwanafunzi, leo baada ya Alasiri mwendee. Usimhoji wala usimtanie. Mpe salamu, mwambie nafasi yake ipo. Nawe mzazi, kabla ya kumnyang'anya simu, muulize nini kilimuumiza.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuunganisha. Amin.

Wabillahi tawfiq.