Betri ni ya Kamati, Msimbebeshe Mpiga Besi

Nimepotea wiki mbili, testi zilikuwa zimenikaba koo. Sasa zimekwisha na nipo. Leo sina habari za foleni ya kantini wala maji ya hosteli. Leo nina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na kamati za kwaya na bendi za kule kwetu Mpanda. Najua kuna wazee wangu na mama zangu watasoma hapa, kwa hiyo kwanza shikamooni. Baada ya shikamoo nasema hivi: kamati inayonunua gitaa la besi la betri, halafu inabana senti kwenye betri yenyewe, na haijui betri hiyo inatunzwaje, haina haki ya kumwadhibu mpiga besi siku gitaa likikata sauti.

Kwa nini naongea kwa ukali? Likizo iliyopita kwaya moja (sitaji jina, wenyewe wanajijua) imemsimamisha kijana miezi mitatu. Kosa lake ni nini? Besi lilianza kukwaruza, likakoroma, kisha likanyamaza kabisa katikati ya harusi. Kwenye kikao mmoja akasema kijana ana dharau. Mwingine akasema ni shetani anapigana na huduma. Wa kufungua kile kiboksi cha betri nyuma ya gitaa hakuwepo. Kilipofunguliwa wiki iliyofuata, ndani kulikuwa na betri ya bei ya chini kuliko zote, imevimba na imetoa maji. Je, adhabu ilifutwa? Thubutu!

Mimi ni mwalimu mtarajiwa, Fizikia na Hisabati, kwa hiyo hata kwenye ugomvi lazima nije na andalio la somo. Tulieni kidogo.

Besi la kawaida, ambalo mafundi wanaliita pasivu, halina betri. Chini ya nyuzi kuna sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitikisika unazalisha mkondo mdogo wa umeme, unapita kwenye waya mpaka kwenye amplifaya, basi. Besi la Fender Precision la mwaka 1951 lilikuwa hivyo, na la pasivu linalouzwa leo ni hivyo hivyo. Besi la betri, wanaloliita aktivu, lina saketi ndogo ndani ya gitaa lenyewe, inayokuza na kuchonga sauti kabla haijatoka. Lililolieneza sana ni Music Man StingRay la mwaka 1976. Saketi hiyo inakula betri ya volti 9, ile ya pembe nne yenye vichwa viwili upande mmoja. Magitaa mengine yanakula mbili.

Sasa sikilizeni vizuri. Magitaa mengi ya aina hii hayana swichi ya kuzimia. Swichi yake ni lile tundu la waya. Ukichomeka waya tu, betri inaanza kuliwa. Umezima amplifaya? Inaliwa. Umefunga sauti mpaka sifuri? Inaliwa. Umefunga kanisa, umekwenda nyumbani kula ugali na migebuka? Inaliwa.

Tufanye hesabu. Chukulia saketi inakula miliampea 1, na betri nzuri ya alkalaini ina kama miliampea-saa 500. Hiyo ni saa 500 za kazi. Kwaya ikifanya mazoezi saa 2 Jumatano, saa 3 Jumamosi, na ikaimba saa 4 Jumapili, jumla ni saa 9 kwa wiki. Gawanya: wiki 55. Zaidi ya mwaka mzima kwa betri moja! Lakini waya ukiachwa umechomekwa usiku na mchana, saa 500 ni siku 21 hivi. Wiki tatu. Gitaa lile lile na betri ile ile, kilichobadilika ni mkono wa kuchomoa waya.

Na huo mkono ni wa nani? Hapa ndipo ninapokasirika. Kwenye kwaya ninayoisema, vijana hawaruhusiwi kugusa vyombo baada ya ibada. Funguo za stoo anazo mkubwa mmoja. Vyombo vinasukumwa ndani vilivyo, na nyaya zake zikiwa zimechomekwa, kufuli linagongwa, tukutane Jumatano. Kijana angechomoaje waya ulio nyuma ya mlango ambao hana funguo zake? Mwenye funguo ndiye mwenye lawama.

Haya, tuje kwenye ununuzi. Nilipojaribu kumweleza mwenyekiti, alinijibu kwa upole, "Mwanangu, betri ni betri." Hapana mzee wangu, kwa heshima zote. Betri sio betri.

Ile ya bei rahisi ni ya zinki na kaboni. Ukiishika ni nyepesi. Kwenye ganda wameandika kwa Kiingereza kwamba ni ya kazi nzito, maneno makubwa kweli kweli. Ilifaa redio ya marehemu babu. Haidumu kama alkalaini, na ikiisha ina tabia ya kuvuja. Ya alkalaini ni nzito kidogo, inakaa muda mrefu zaidi na inashusha nguvu taratibu. Hata hiyo nayo ikiachwa imekufa ndani ya gitaa itavuja, lakini ukiifuata vizuri haikuaibishi.

Huna haja ya kusoma matangazo kwenye ganda. Soma namba. Ukiona 6F22, hiyo ni zinki na kaboni. Ukiona 6LR61 au 6LF22, hiyo ni alkalaini. Tafuteni herufi L, ndugu zangu. Herufi moja inaokoa harusi. Halafu angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Betri iliyokaa kwenye kabati la kioo mbele ya duka, jua la Mpanda likiichoma tangu mwaka juzi, imeshachoka kabla hujailipia.

Kuna wajanja watasema tununue za kuchaji. Sawa, lakini jua unachonunua. Zile za nikeli zenye umbo hili hubeba chaji ndogo, nyingi kama miliampea-saa 200, na nyingine hazifiki volti 9 kamili. Zile za lithiamu za kuchaji kwa waya wa simu zina kisaketi ndani, nyingine huleta mlio kwenye sauti, na zikiisha hukata ghafla bila kuaga. Kwa kwaya inayotumia betri moja au mbili kwa mwaka, alkalaini inatosha kabisa.

Na kupima je? Nimeona watu wazima wanalamba betri. Jamani! Ulimi sio mita. Fundi redio yeyote pale mjini ana mita, na kwaya inayochangishana mamilioni haiwezi kushindwa kununua ya kwake. Alkalaini mpya inasoma zaidi kidogo ya 9. Ikishuka kwenye 7.5 hivi, badilisha, usingoje ife. Na gitaa la betri mbili hubadilishwa zote mbili kwa pamoja, usichanganye mpya na chakavu.

Sasa utunzaji, na hapa sio suala la aibu tena, ni suala la moto.

Stoo ya kwaya ile nimeiona kwa macho yangu. Kuna kopo la bati la maziwa ya unga. Ndani yake: betri mpya na zilizokufa, sarafu, misumari, funguo ambazo hakuna anayejua ni za mlango gani, na nyuzi chakavu za gitaa. Kopo liko juu ya rundo la mapazia na sare, chini kabisa ya bati la paa. Mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza, chini ya bati lile kunakuwa tanuri.

Betri hii vichwa vyake viwili viko jirani, upande mmoja. Hiyo ndiyo hatari yake. Sarafu moja au kipande cha uzi wa chuma kikigusa vichwa vyote viwili, mkondo unapita moja kwa moja na joto linapanda. Mwalimu wa Fizikia anaweza kuwaonyesha zile nyuzi laini za chuma za kusugulia sufuria zinavyowaka zikiguswa na betri hii. Kule Marekani shirika la kuzuia moto, NFPA, limetoa maelekezo maalumu kuhusu betri za volti 9 peke yake, kwa sababu zimeshaunguza nyumba za watu zikiwa kwenye droo na kwenye takataka. Na betri unayoiita imekufa kwa gitaa bado inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kuwasha moto.

Utaratibu wenyewe hauhitaji digrii. Betri mpya ibaki kwenye pakiti yake mpaka siku ya kutumika. Ikitoka, ziba vichwa kwa kipande cha tepu ya umeme. Tumia chombo cha plastiki, sio kopo la bati, na ndani yake zisiwemo sarafu wala misumari. Weka pakavu penye ubaridi, mbali na jua, mbali na watoto. Friji haihitajiki, unyevunyevu wake ni adui. Zilizokufa nazo zizibwe vichwa na zitengwe na mpya. Usizitupe kwenye moto wala usiwape watoto wachezee.

Na jambo la kwetu hasa: msimu wa kilimo. Mvua zikianza watu wanakwenda mashambani, tumbaku na mahindi, mazoezi yanasimama. Besi linalala wiki nyingi na betri tumboni. Huo ndio wakati linapouawa. Ukijua mnasimama mwezi mzima, toa betri. Ikiwa imeshavuja, usishike kwa mikono mitupu, maji ya alkalaini yanaunguza ngozi na macho. Vaa glavu au mfuko wa plastiki, futa kwa pamba yenye siki kidogo, kausha, nawa mikono. Kisha mpe fundi aangalie.

Kwa nini tunakosea hivi? Nadhani ni kwa sababu tumekua na betri tukadhani tunazijua. Kwa miaka mingi Mpanda iliwashwa na majenereta ya dizeli, umeme ukikatika kila nyumba ina tochi na redio. Tukajifunza kuanika betri juani, kuziuma kwa meno, kuzigonga ukutani. Zile zilikuwa betri kubwa za tochi, na redio ikikata unaiacha tu mpaka kesho. Bibi harusi hasubiri kesho.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: hatuna hela. Gitaa mmelinunua kwa michango ya wakulima, mwaka mzima, mama mhazini akizunguka na daftari. Tofauti ya bei ya betri mbaya na nzuri haifiki hata nauli ya basi kwenda Sumbawanga. Kama hela ya betri haipo, basi hela ya gitaa lile haikuwepo. La pili: betri nzuri Mpanda ni shida kupata. Agizeni nne kwa pamoja kutoka Mwanza au Dar, mabasi yanakuja na alkalaini iliyofungwa inakaa miaka. Lakini kagueni, msiletewe feki. Bidhaa feki na za bei ya kutupa sio mchezo: kampuni ya Eveready kule Kenya ilizitaja ilipofunga kiwanda chake cha betri cha Nakuru mwaka 2014. La tatu: besi la betri ndilo la kisasa. Sawa, ila kisasa kina matunzo yake. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, miaka kumi na mbili kabla ya StingRay, na watu walicheza mpaka viatu vikaisha. Mkiona betri ni mzigo, nunueni pasivu, hakuna dhambi. Au lile lenye swichi ya kuhama kutoka aktivu kwenda pasivu, betri ikifa wimbo unaendelea.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na nayadai kwa kamati, sio kwa vijana. Betri iingie kwenye bajeti ya mwaka kama sare na nauli. Tarehe ya kuweka betri iandikwe kwenye kipande cha plasta nyuma ya gitaa, na moja ya akiba ikae kwenye mfuko wake. Anayefunga stoo asifunge kabla waya haujachomolewa. Na lile kopo la bati litolewe stoo wiki hii, kabla halijawa habari ya redioni.

La tano ni kwa ile kwaya moja. Mrudisheni kijana. Anajua kupiga, amejifundisha mwenyewe, hajalipwa hata shilingi, na mmemfungia kwa kosa la kipande cha zinki. Mkitaka mtu wa kumsimamisha miezi mitatu, simamisheni betri ya 6F22.

Naomba kutoa hoja. Nakwenda kusoma, keshokutwa kuna semina.